Spika za Sebule ya Sajini Odur

Sajini Odur alikuwa amestaafu kazi ya magereza kwa miezi minne alipotambua kwamba mke wake hakai naye. Hapakuwa na ugomvi. Mama Atim, ambaye jina lake mwenyewe ni Anena, alipika, alikula naye, alimuuliza habari za goti lake bovu. Lakini jioni, filamu ilipoanza kwenye televisheni, alikaa dakika chache, akasema anakwenda kutazama sufuria, kisha hakurudi. Sufuria yenyewe ilikuwa imeshaoshwa na kufunikwa.

Mimi nilikuwa mpangaji wao pale Luzira, kitongoji cha Kampala. Chumba changu kilikuwa uani, karibu na mlango wao wa nyuma, kwa hiyo nilimwona Mama Atim jioni nyingi ameketi kwenye kigoda kando ya sigiri iliyozimika, mikono mapajani, huku sauti ya filamu ikitoka dirishani. Nilikuwa nimemaliza shahada ya ualimu na nilikuwa nasubiri kupangiwa shule. Mzee Odur, ambaye hupenda kila mtu awe na cheo, aliniita Mwalimu tangu siku niliyoingiza godoro.

Mtu asiyejua maisha yake angeona jambo hili ni dogo. Odur alitumikia magereza miaka thelathini na mitatu: Gulu, Masindi, Mbale, na mwishoni hapa Luzira. Kule mbali mara nyingi hakupewa nyumba ya familia, basi Anena alibaki na watoto watatu akiuza mukene, wale dagaa wa ziwani, pale bandarini Port Bell. Hata alipohamishiwa karibu na nyumbani, alipangiwa zamu za usiku. Aliniambia kwamba katika ndoa yao yote hawakuwahi kula chakula cha jioni pamoja mwezi mzima mfululizo. Alipokaribia kustaafu, wenzake walizungumzia shamba na pikipiki; yeye alizungumzia jioni. Alinunua televisheni kabla ya kupaka nyumba rangi.

“Labda amezoea nisiwepo,” aliniambia siku moja tulipokuwa tunakaza waya wa uzio. “Mtu huzoea, Mwalimu. Nimewaona wafungwa wakitoka, hawajui tena kukaa na wake zao. Sikujua kwamba na askari hupatwa.”

Nilishika waya, naye akapiga misumari miwili zaidi, kisha akapata adui aliye rahisi kumkabili.

“Ni ile televisheni,” akasema. “Sauti yake nyembamba, kama mtu anaongea ndani ya kopo. Nikimletea Mama Atim sauti ya sinema, atakaa.”

Hapo alikuwa na ukweli kiasi. Televisheni hizi bapa hutoa sauti kwa nyuma, zikiongea na ukuta. Tena filamu tunazotazama Kampala zina sauti mbili: ya waigizaji, na ya mtafsiri anayezungumza juu yao kwa Kiluganda, akieleza, akitania, akiwapa watu wa Bombay majina ya Kawempe. Mtafsiri huyo tunamwita vijei, na watu wengi hununua filamu kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya filamu. Mama Atim alijifunza Kiluganda sokoni na alimpenda sana vijei. Maneno yake yakipotea, filamu nzima imepotea.

Tulikwenda Kikuubo, kule kwenye maduka ya katikati ya jiji, siku ya Jumatano, mimi nikiwa nimechukuliwa, kama alivyosema mzee, kwa sababu ya kusoma maandishi ya kwenye makasha. Duka lilikuwa la Maimunah, mwanamke wa Kinubi ambaye baba yake alikuwa askari pamoja na Odur kule Masindi. Aliketi nyuma ya meza ndogo, amezungukwa na redio mpaka darini.

“Afande,” alisema, “umestaafu au umefukuzwa? Naona umenenepa.”

“Nimestaafu. Kunenepa ni sehemu ya pensheni.”

“Haya. Unataka spika. Sebule ina ukubwa gani?”

“Inatosha.”

“Inatosha watu wangapi?”

“Watu wangu.”

Mimi niliijua sebule hiyo. Seti ya makochi iliijaza hivi kwamba, ili kufika kiti cha mbali, ulipita ubavu ubavu ukishika migongo ya viti. Lakini mtu aliyelea familia katika chumba kimoja cha kambini, na sasa amejenga chake kwa tofali zake, hawezi kusimama dukani na kukiita kidogo. Nilinyamaza kwa heshima. Siku hizi nadhani heshima ile haikumsaidia.

Maimunah alimwonyesha spika mbili ndogo za mbao, kila moja ukubwa wa mkate. “Wenye nyumba za Luzira huwa nawauzia hizi,” alisema. “Maneno yanatoka safi.”

Odur alizitazama kama makuruti walioshindwa kipimo cha kifua. Kidole chake kikaelekea nyuma ya duka, palipokuwa na seti ya spika sita: mbili za kusimama, mbili za wastani, moja fupi ya kulala, na kasha kubwa la sauti nzito ambalo watu wa Kampala huliita wufa.

“Washa ile.”

Maimunah akaweka wimbo wa dansi. Wachukuzi waliokuwa wakipita na mizigo kichwani waligeuka na mizigo yao. Odur aliweka kiganja kifuani, akasikia ngoma ikimpiga kwa ndani, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Mwalimu, soma nguvu yake.”

Nikainama nikasoma, kwa sauti ile niliyoitumia kwenye mafunzo ya kufundisha darasani. “Wati elfu kumi na mbili.”

“Namba hiyo waliiandika wakiwa na furaha,” alisema Maimunah. “Ukiiamini, jua kwamba umeme wa Luzira yote utazimika.”

Lakini mzee alikuwa ameisikia kutoka kwa mtu mwenye shahada. Alinunua.

Nyumbani nilifungua kijitabu cha maelezo. Kilikuwa na picha: spika fupi, ambayo ndiyo hubeba maneno, ikae katikati chini ya televisheni, zile mbili za wastani zikae nyuma ya watazamaji. Nikamwonyesha Mzee Odur. Aliiangalia picha kwa uvumilivu.

“Huyu mfupi akae katikati ya warefu? Gwaride gani hilo?”

“Ndivyo walivyochora, Mzee.”

“Wamechora watu wasiojua kupanga.”

Miaka thelathini na mitatu alikuwa amepanga watu mstari mmoja, mkubwa kulia, mdogo kushoto, na mkono wake haukujua namna nyingine. Alizipanga zote sita mbele, ukutani, kwa ukubwa. Wufa likasimama mwisho wa kulia, ubavuni mwa kiti cha Mama Atim. Spika fupi ya maneno ikaenda mwisho wa kushoto, nyuma ya mkono wa kochi kubwa, karibu na dirisha. Alirudi nyuma hatua moja, maana ya pili isingewezekana, akafumba jicho moja kuona kama mstari umenyooka. Ulikuwa umenyooka kabisa.

Jioni hiyo tulikaa watatu. Filamu ilikuwa ya Kihindi, na tangu mwanzo kulikuwa na radi. Glasi za kabatini zikalia. Kalenda ikacheza ukutani. Mama Atim alishika magoti yake kwa mikono miwili kama mtu aliye nyuma ya lori, na macho yake hayakutoka kwenye midomo ya waigizaji. Odur alicheka kwa utani wa vijei, akamgeukia mkewe. Naye akatabasamu, akichelewa kidogo. Alidumu muda mfupi kuliko siku zote.

“Naenda kutazama sufuria,” akasema.

Odur hakuzima. Alikaa na sauti ile yote peke yake mpaka filamu ikaisha.

Baada ya siku kadhaa alikuwa ameamua kwamba kosa ni la makasha ya plastiki ya spika zile. Sauti nzuri hutaka mbao, alisema, na mbao ziko Katwe. Huko yuko Barnabé, fundi kutoka Uvira, ambaye hutengeneza masanduku ya spika kwa makanisa ya Wakongomani na kwa baa, na hukubali kwamba masanduku ni yaleyale. Tulimkuta amejaa unga wa mbao mpaka kope, katikati ya kelele za wafua vyuma.

“Mzee, nyumba iko na ukubwa gani?” aliuliza.

“Inatosha.”

Barnabé akaweka randa chini. “Kila mtu ananiambia inatosha. Kuna mchungaji aliniambia kanisa lake linatosha. Nikamtengenezea masanduku manne, mlango ukakataa kufunga. Waumini wakaabudu na mvua. Mimi sikati ubao mpaka nione ukuta.”

“Luzira ni mbali, Fundi.”

“Uvira ni mbali. Luzira nitakuja Jumamosi.”

Akaja Jumamosi mchana, amevaa shati safi. Alipima sebule kwa miguu, hatua nne kwa tatu, wakati Mzee Odur akiangalia dari. Alipiga makofi mara moja katika kila pembe na kusikiliza. Kisha alisimama mbele ya mstari wa spika.

“Hizi nani alizipanga?”

“Mimi.”

“Zinangoja kukaguliwa?”

Nilicheka kabla sijajizuia. Odur hakucheka. Barnabé aliomba radhi kwa mkono, akauliza nani hukaa wapi, akajaribu kila kiti, mwishowe akakaa kwenye kile cha Mama Atim, wufa likiwa sikioni pake. Alikaa hapo muda mrefu, na nilianza kudhani ameona kosa la kifundi.

Mama Atim aliingia na sinia ya chai, akaiweka, akageuka kutoka.

“Asante, Mama. Sukari iko wapi?” aliuliza Barnabé, nyuma yake, kwa sauti ya kawaida.

Mama Atim akaendelea kwenda. Barnabé akauliza tena, vilevile. Mlango wa jikoni ukafunguka na kufungwa. Odur alivuta pumzi ili amwite kwa sauti ya uwanjani, lakini fundi aliinua kiganja kumsimamisha. Mama Atim aliporudi na vikombe, akiwa anamtazama, Barnabé aliuliza mara ya tatu, sauti ileile.

“Iko ndani ya chai tayari, Fundi,” alijibu papo hapo.

Barnabé hakugusa kikombe chake. “Mama,” alisema, uso wake ukiwa umemwelekea, polepole, “mimi nimefanya kazi na msumeno miaka kumi na minane, unalia huku kwenye sikio la kushoto. Ngoma niko nasikia vizuri kabisa. Gari niko nasikia. Lakini mtoto wangu akiniongelesha, sauti inafika, maneno yanabaki njiani. Zile herufi ndogo za kupuliza, sizipati. Nakaa kanisani naitika amina wakati wengine wanaitika.”

Mimi niliangalia chai yangu.

“Mama Atim hana shida ya masikio,” alisema Odur.

“Ninayo,” alisema Mama Atim.

Alikaa kwenye mkono wa kochi, jambo ambalo huwakataza wengine. “Tangu mwaka juzi. Sokoni wateja waliona nawapa kopo mbili wakitaka tatu, wakaanza kunionyesha kwa vidole. Tukawa tunauziana kwa vidole. Haikunisumbua sana.”

“Ungeniambia.”

“Ulikuwa unakuja asubuhi, unalala. Ukiamka unaongea kama uko kwenye gwaride, jirani wa tatu anajua unataka uji. Nilikuwa nakusikia vizuri. Kisha ukastaafu, ukaanza kuongea kama mtu.”

Barnabé akaficha uso kwa kiganja. Odur alikuwa amekunja shingo kama anayesomewa mashtaka.

“Kwenye filamu,” aliendelea mke wake, “unacheka, halafu unanigeukia nicheke na mimi. Mwezi wa kwanza nilicheka. Lakini kucheka usichokijua kunachosha, Baba Atim. Nikienda uani napumzika.”

Nimewahi kumsikia Odur akisimulia jinsi walivyozima fujo za wafungwa mia mbili bila kupandisha sauti. Sasa alitafuta maneno kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mbele ya mlango wake.

“Nilidhani ni mimi,” alisema.

“Wewe umefanya nini?”

“Nilidhani hutaki kukaa na mimi.”

Mama Atim alimtazama, nadhani, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mbele ya watu. “Mwanaume mzima,” alisema. “Ndipo ukaenda Kikuubo kuninunulia ngurumo.”

Barnabé alichomoa waya wa wufa. Akaivuta spika fupi kutoka nyuma ya kochi, akaiweka juu ya kigoda kando ya kiti cha Mama Atim, usawa wa sikio, akawasha filamu kwa sauti ya chini hata mimi nilidhani haitoshi. Mama Atim aliinamisha kichwa. Vijei alikuwa anasema kwamba mama mkwe wa bwana harusi amekuja na sanduku moja tu la nguo, kwa hiyo hana nia ya kuondoka. Mama Atim alitikisa bega. Hakucheka kwa nguvu. Alisema tu, “Huyo namjua.”

“Seti hii irudisheni,” alisema Barnabé akinywa chai yake hatimaye. “Mimi nitatengeneza kibao cha kuwekea spika moja hapa. Sanduku hamhitaji. Na masikio muende kwa daktari, Mama. Mimi pia mke wangu ananiambia niende.”

Habari ya daktari ilifuata baadaye na bado inaendelea. Lakini Jumatatu tulirudi Kikuubo, safari hii na Mama Atim mbele, amevaa gomesi yake ya kijani, lile gauni refu la heshima la akina mama wa Uganda. Maimunah alikagua makasha, akaona hakuna kilichokwaruzwa, akakubali kubadilishana. Nilimshangaa Mzee Odur alipoulizwa tena ukubwa wa sebule.

“Hatua nne kwa tatu,” alisema. “Makochi yameshakula nusu.”

Maimunah aliweka wimbo. Mama Atim akainua mkono.

“Usiniwekee ngoma, mwanangu. Niwekee mtu anaongea.”

Maimunah akatafuta kituo cha habari kwenye televisheni ya duka. Mama Atim aliigeuzia televisheni mgongo, ili asisome midomo, akafumba macho pale katikati ya duka, watu wakimpita na katoni. Kwanza alisikiliza spika ndefu nyembamba ya kuwekwa chini ya televisheni, ambayo mimi niliona ndiyo ya kisasa zaidi. Akasema huyo mtangazaji ana mafua. Akasikiliza nyingine, yenye taa za rangi, akasema hiyo ni ya harusi. Kila mara Maimunah alimgeukia Odur kwa mazoea ya kuuza kwa mwenye pochi, na kila mara Odur alisema, “Muulize mwenye kusikiliza.”

Zilipofika zile mbili ndogo za mbao, Mama Atim alikaa kimya mpaka habari ya bei ya mahindi ikaisha. Kisha alirudia, bila kufungua macho, bei ya Lira na bei ya Masindi.

“Hizi nilimwonyesha Afande siku ya kwanza,” alisema Maimunah.

“Siku ya kwanza zilikuwa fupi,” alisema Odur.

Moja tuliiweka karibu na televisheni, ya pili kwenye kibao alichotengeneza Barnabé kando ya kiti cha Mama Atim. Hazikukaa mstari mmoja, hazikutazama upande mmoja, na nilimwona mzee akizipita mara mbili mikono ikiwa nyuma. Hakuzigusa.

Waliniita nikatazame nao. Radi ya Bombay ilipopiga haikutikisa kitu. Kwa kweli ilikuwa radi ya kawaida sana. Mama Atim alicheka kwanza, mara moja, kabla ya mumewe, naye Odur akasahau kutazama filamu. Kisha vijei akasema jambo kwa haraka, na mwovu wa filamu akainua panga.

Odur alicheka, akamgeukia mke wake. Niliona mkono wa Mama Atim ukishika mkono wa kiti, kama mtu anayetaka kusimama.

“Baba Atim,” alisema, “hilo sikulisikia. Rudisha.”

Odur alitafuta kitufe kwa dole gumba lake nene. Panga likashuka, likainuliwa tena. Vijei akasema.

“Bado,” alisema Mama Atim.

Akarudisha. Panga likashuka, likapanda. Mimi nilikuwa nataka kujua kama yule kijana atauawa, lakini sikuthubutu kusema. Safari hii Odur alisogea mpaka ukingo wa kochi, akaongeza sauti alama moja, na wote watatu tukasikiliza.

Mama Atim akafikiri kidogo. “Kumbe si la kuchekesha,” alisema.

“Hata kidogo,” alisema Odur, akaiacha filamu iendelee.